Miungu ya Wahindu na maana ya alama zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huyarudia kila wanapoona picha ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, juu ya mlango wa duka, au wanapopita mbele ya hekalu Kisutu (Dar es Salaam), Hurumzi (Zanzibar) au Parklands (Nairobi). Ukitaka kuisoma picha ya mungu wa Kihindu, usianze na uso, anza na mikono. Kila kilichoshikwa kina kisa chake, na ndani ya kisa hicho kuna fundisho ambalo muumini analijua tangu utotoni.

## Mambo ya msingi

1. Je, kila Mhindi ni Mhindu?

Hapana. Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, Mhindu ni mfuasi wa dini. Miongoni mwa Wahindi wa Afrika Mashariki wamo Waislamu wengi (Ismailia, Bohora, Ithnaasheri), Wakatoliki wenye asili ya Goa, Masingasinga, Wajaini na Waparsi. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alitoka katika familia ya Kiparsi, yaani wafuasi wa Zoroasta.

Wahindu wetu, ambao wazee wa pwani waliwaita Banyani, wengi wana asili ya Gujarat na Kutch, magharibi mwa India. Ndiyo maana miungu unayokutana nayo hapa zaidi ni ile inayopendwa huko: Krishna, Ganesha, Lakshmi, Amba (jina la Kigujarati la Durga) na Swaminarayan. Ukienda Tamil Nadu utamkuta Murugan, yule kijana mwenye mkuki anayepanda tausi. Ukienda Bengal, nafasi ya mbele ni ya Durga na Kali.

2. Wahindu wanamwabudu Mungu mmoja au miungu mingi?

Inategemea unamuuliza nani, na hilo si jibu la kukwepa. Rig Veda, andiko lao la kale kuliko yote, lina mstari usemao kwamba kilichopo ni kimoja, na wenye hekima hukiita kwa majina mengi. Hicho kimoja ndicho maandiko ya baadaye yanakiita Brahman: hakina umbo, hakina jinsia, na kimo ndani ya kila kitu.

Kuanzia hapo wanazuoni wanaachana njia. Shankara, aliyeishi karibu na karne ya 8, alifundisha kwamba Brahman haina sifa, na maumbo yote ya miungu ni msaada kwa akili ya binadamu. Ramanuja, karne chache baadaye, alikataa: kwake Mungu Mkuu ni Vishnu mwenyewe, mwenye sifa, mwenye huruma, anayependa na kupendwa. Wafuasi wa Shiva wanasema hivyo hivyo juu ya Shiva, na wapo wanaomwona Mkuu wa wote kuwa ni Mama, Devi.

Kwa hiyo Mhindu wa kawaida ukimuuliza kama Mungu ni mmoja, mara nyingi atakuambia ndiyo. Lakini usifikiri anamaanisha tauhidi kama Mwislamu anavyoielewa. Umoja wake hauondoi sura nyingine, unazikusanya. Familia moja inaweza kuwa na mungu wake mteule, nayo ikaendelea kuwaheshimu wengine bila kuona tatizo lolote.

3. Ni kweli wana miungu milioni 330?

Idadi hiyo hutajwa sana, wala hakuna aliyewahi kuiorodhesha. Ina mzizi katika hesabu ya kale zaidi ya miungu 33 wa Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu: makundi ya Vasu 8, Rudra 11, Aditya 12, pamoja na Indra na Prajapati.

Katika Upanishadi (andiko la falsafa) ya Brihadaranyaka mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa, "Miungu ni wangapi?" Anaanza na 3,306. Anaulizwa tena, "Sawa, lakini ni wangapi hasa?" Anasema 33. Swali linarudiwa, naye anashuka: sita, watatu, wawili, mmoja na nusu, mmoja. Nikipewa ukurasa mmoja tu wa kumweleza mtu dini hii, ningemsomea mahojiano hayo.

4. Je, Wahindu wanaabudu sanamu?

Wanaabudu mbele ya sanamu, ambayo wanaiita murti. Mchonga mawe akimaliza kazi yake, kilichopo bado ni jiwe tu. Huwa murti baada ya ibada maalumu ya kumwalika Mungu akae humo, na tangu siku hiyo hupokelewa kama mgeni mtukufu: huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa nguo, hupewa chakula, hulazwa usiku.

Ushahidi mzuri kwamba jiwe au udongo wenyewe si Mungu ni sikukuu ya Ganesha Chaturthi. Ganesha wa udongo hufinyangwa, hualikwa, huabudiwa kwa siku kadhaa mpaka kumi, kisha huagwa rasmi na kutumbukizwa majini hadi aeyuke. Mtu hawezi kumyeyusha Mungu wake. Anachoyeyusha ni nyumba aliyokaa kwa muda.

Wapo pia Wahindu wasiokubali sanamu kabisa. Arya Samaj, iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati huko Bombay mwaka 1875, inaabudu kwa moto na mistari ya Veda pekee, nayo ina wafuasi na shule za siku nyingi Afrika Mashariki, hasa Nairobi.

5. Kwa nini miungu ina mikono mingi, na kwa nini kila mmoja ana mnyama?

Mikono ni uwezo. Binadamu hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, mungu hulinda, hutoa, huadhibu na hubariki kwa pamoja, na msanii hana njia nyingine ya kuonyesha hayo katika picha isiyosogea. Tazama mikono miwili hasa: ule ulioinuliwa kiganja kikikuelekea unasema "usiogope", na ule ulioteremshwa, kiganja wazi, unasema "pokea".

Mnyama ni kipando chake. Mara nyingine anaonyesha nguvu za mungu mwenyewe, kama simba wa Durga. Mara nyingine anaonyesha kitu kilichotiishwa, kama panya wa Ganesha (swali la 12).

## Brahma, Vishnu na Shiva

6. Hawa watatu wana uhusiano gani?

Kwa maelezo ya vitabuni, Brahma (si Brahman wa swali la 2) huumba, Vishnu hutunza, Shiva huvunja ili kuumbwe upya. Huitwa Trimurti. Ni mpangilio unaosaidia kuanza, lakini usiutegemee sana, na usiufananishe haraka na Utatu wa Wakristo. Mfuasi wa Vishnu haamini kwamba mungu wake anafanya theluthi moja ya kazi. Kwake Vishnu ndiye mwenye zote tatu, na wa Shiva naye husema hivyo hivyo.

Brahma mwenye nyuso nne hana mahekalu mengi. Lililo maarufu liko Pushkar, Rajasthan. Sababu mojawapo inayosimuliwa iko katika swali la 10.

7. Vishnu ameshika vitu gani?

Vinne. Kombe kubwa la baharini linalopulizwa kama baragumu: sauti ya mwanzo wa uumbaji. Kisahani chenye makali kinachozunguka, Sudarshana: mzunguko wa wakati na haki ambayo haimkosi mwovu. Rungu: nguvu. Ua la yungiyungi: usafi, kwa kuwa mmea huo una mizizi kwenye tope na ua lake hutoka juu ya maji bila doa.

Akichorwa amelala, amelalia nyoka Shesha mwenye vichwa vingi juu ya bahari, kati ya ulimwengu uliokwisha na ule unaokuja.

8. Avatara ni nini, na kwa nini Krishna ni wa bluu?

Avatara ni kushuka. Katika andiko la Bhagavad Gita, Krishna anamwambia shujaa Arjuna kwamba kila haki inapodidimia na uovu kupanda, yeye huja, zama baada ya zama. Orodha inayojulikana ina kumi: samaki, kobe, nguruwe mwitu, Narasimha aliye nusu simba, mbilikimo Vamana, Parashurama mwenye shoka, Rama, Krishna, Buddha, na Kalki ambaye bado hajaja. Si orodha ya kila mahali. Wengine humweka Balarama, kaka yake Krishna, badala ya Buddha, nao Wabuddha wengi hawakubali mwalimu wao kuhesabiwa hivyo.

Krishna maandiko yanamweleza kuwa mweusi kama wingu la mvua. Wachoraji wakaifanya rangi hiyo bluu, nayo waumini wakaisoma kama rangi ya mbingu na bahari, vitu visivyo na mwisho. Filimbi yake ni mwito: mwanzi hutoa sauti kwa sababu ndani ni mtupu, na muumini hujitakia utupu huo wa majivuno. Unyoya wa tausi kichwani ni wa kijana mchunga ng'ombe aliyekulia Vrindavan, aliyeiba siagi na kupendwa na kijiji kizima. Kwangu huu ndio upande wake mzuri kuliko wote: Mungu Mkuu anayekubali kufukuzwa jikoni na mama yake.

9. Shiva mbona ana nyoka shingoni, majivu mwilini na jicho la tatu?

Kwa sababu ni mtawa aliyeacha vyote. Majivu ni mwisho wa kila mwili. Nyoka anayetisha watu kwake ni pambo, maana kifo hakimtishi. Mwezi mchanga kwenye nywele ni wakati unaokua na kupungua, na yeye yuko juu yake. Kutoka kwenye nywele hizo unaruka mto Ganga: ulipoombwa ushuke kutoka mbinguni, nguvu zake zingeipasua dunia, basi Shiva akaupokea kwanza kichwani ukatoka taratibu. Jicho la tatu ni la maarifa, na likifumbuka huunguza. Ndilo lililomchoma Kama, mungu wa matamanio, alipojaribu kumtoa Shiva katika tafakuri yake.

Koo lake la bluu lina kisa. Miungu na mahasimu wao, maasura, waliisukasuka bahari ya maziwa ili wapate kinywaji cha kutokufa. Mlima Mandara ulikuwa mchi, nyoka Vasuki kamba, na Vishnu kwa umbo la kobe akaubeba mlima mgongoni usizame. Kilichotangulia kutoka kilikuwa sumu ya kuangamiza viumbe vyote. Shiva akainywa na kuizuia kooni. Hakuitema iwadhuru wengine, hakuimeza imdhuru yeye. Baadaye bahari ikatoa hazina, na miongoni mwa hazina hizo ni Lakshmi (swali la 14).

Na yule Shiva anayecheza ndani ya duara la moto ni Nataraja, Bwana wa Ngoma. Umbo hili lilikomaa katika shaba za watawala wa Chola, kusini mwa India, kati ya karne ya 10 na ya 12, na makao yake ni hekalu la Chidambaram. Fuata mikono: wa kulia juu una kijingoma, mdundo wa kuumba, wa kushoto juu una moto wa kuteketeza, wa kulia chini unasema usiogope, wa kushoto chini unaelekeza kwenye mguu ulioinuliwa, mahali pa kukimbilia. Mguu mwingine umemkanyaga mbilikimo Apasmara, naye ni ujinga. Angalia kwamba hamuui, anamkandamiza tu. Uso umetulia kabisa huku kila kitu kikizunguka. Mwaka 2004 serikali ya India ilikizawadia kituo cha utafiti wa chembe za atomu cha CERN, karibu na Geneva, sanamu yake yenye urefu wa mita 2.

10. Linga ni nini? Ni kweli ni uume?

Linga ni nguzo fupi ya mviringo juu ya kitako chenye mfereji, na ndiyo sura ya Shiva inayoabudiwa zaidi mahekaluni. Wataalamu wa historia wanaonyesha linga ya kale ya Gudimallam, Andhra Pradesh, ambayo umbo lake la uume liko wazi, na kitako wengi hukifasiri kuwa ni upande wa kike. Kukana hilo ni kupoteza muda.

Lakini muulize mama anayeimwagia maziwa na kuiwekea majani ya mbilwa Jumatatu asubuhi, atakuambia ni alama ya asiye na umbo. Kisa anachokijua ni hiki: Brahma na Vishnu walibishana nani mkubwa. Ikatokea nguzo ya moto isiyo na kikomo. Vishnu akawa nguruwe mwitu akachimba chini, Brahma akawa bata maji akaruka juu. Vishnu alirudi akakiri kwamba hakuona mwisho. Brahma akadanganya kwamba ameufikia, na kwa uongo huo akanyimwa ibada. Nguzo hiyo ilikuwa Shiva.

## Ganesha na Hanuman

11. Ganesha alipataje kichwa cha tembo?

Parvati, mke wa Shiva, alitaka mlinzi wa mlango wakati anaoga. Akachukua manjano aliyojipaka mwilini, akafinyanga mtoto, akamtia uhai. Shiva aliporudi, mtoto asiyemjua baba akamzuia. Shiva kwa hasira akamkata kichwa. Parvati alipoomboleza, watumishi walitumwa walete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta. Wa kwanza akawa tembo.

Kichwa cha zamani, wafafanuzi wanasema, ni nafsi ndogo inayomzuia hata mwenye nyumba kuingia kwake. Kipya ni akili pana. Wengine hukisimulia kisa bila fundisho hilo, kama kisa cha mama aliyempata tena mwanawe, na mimi naona kinatosha hivyo.

12. Na pembe iliyovunjika, tumbo kubwa, panya?

Pembe: mwenye hekima Vyasa alipotaka kuusimulia utenzi wa Mahabharata, Ganesha alikubali kuwa mwandishi. Kalamu ilipovunjika akang'oa pembe yake akaendelea, asikatize maneno. Tumbo hubeba mazuri na mabaya ya dunia bila kulalamika. Masikio makubwa ni ya kusikiliza. Mkonga unaweza kung'oa mti na kuokota sindano. Shoka hukata yanayokufunga, kitanzi hukuvuta karibu. Mkononi ana ladu au modaka, kidonge cha unga wa mchele chenye nazi na sukari guru ndani: utamu wa anayefika.

Panya ni tamaa. Hutafuna gizani, hupita penye tundu dogo, hashibi. Ganesha hamuui, anampanda. Naye akiwa na panya wake huingia kila mahali, ndiyo maana ni mwondoa vizuizi, na jina lake hutangulia katika arusi, safari, mtihani na ufunguzi wa duka.

13. Hanuman ni mungu au nyani?

Ni shujaa wa Ramayana, utenzi wa maisha ya Rama, mwenye umbo la nyani, na ni mungu anayependwa kuliko wengi waliomzidi cheo. Aliruka bahari kumtafuta Sita, mke wa Rama, aliyetekwa na mfalme wa mapepo Ravana, na Lakshmana, mdogo wake Rama, alipojeruhiwa vitani akatumwa mitishamba Himalaya. Hakuutambua mmea, akabeba mlima mzima. Picha yake mkononi ana mlima na rungu.

Picha nyingine inamwonyesha akipasua kifua, ndani wameketi Rama na Sita. Nguvu zake zote ni za mtumishi, hakuna tone analolidai kuwa lake.

## Miungu ya kike

14. Lakshmi ni mungu wa pesa?

Ni wa neema: mali, afya, uzazi, mavuno, heshima ya nyumba. Amesimama au ameketi juu ya yungiyungi (maana yake iko swali la 7), sarafu zinatiririka kiganjani, tembo wawili humwagia maji kama mawingu ya masika. Ni mke wa Vishnu, na wahenga wa Kihindu hukumbusha kwamba yeye hutangatanga, hakai penye uchafu, ugomvi wala uvivu.

Jioni ya Diwali, sikukuu ya taa, mfanyabiashara wa Kigujarati hufungua daftari jipya la mahesabu lenye jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza hauandikwi hesabu. Huchorwa swastika kwa unga mwekundu, kisha neno Shri, jina la heshima la Lakshmi, huandikwa mstari juu ya mstari, moja, mawili, matatu, mpaka lijenge pembetatu. Juu yake huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu. Ganesha na Saraswati huombwa pamoja naye, kwani mali bila busara na elimu haikai. Siku hizi kompyuta nayo huwekwa mbele yao.

15. Mbona kipando cha Lakshmi ni bundi, ndege wa mikosi?

Bundi India nako ana sura mbili. Bengal, bundi mweupe akitua kwenye nyumba ni heri. Kwingine humwona kama onyo: bundi haoni mchana, na mtu aliyepewa mali bila hekima hupofuka kwenye mwanga.

16. Saraswati ni nani?

Mungu wa elimu, lugha na muziki. Nguo nyeupe, kinanda cha nyuzi kiitwacho vina, kitabu, tasbihi, na bata maji ambaye inasemwa anaweza kunywa maziwa akaacha maji yaliyochanganywa nayo. Ndiye wa wanafunzi. Siku ya Vasant Panchami watoto wengi huandika herufi yao ya kwanza mbele yake.

17. Durga na Kali ni mmoja?

Wote ni Devi, Mama, katika hali tofauti. Mahishasura, pepo nyati, alikuwa amepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume atakayemuua. Miungu wote wakatoa nguvu zao zikawa mwanamke mmoja: Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Vishnu kisahani, Himalaya akampa simba. Akamshinda. Uso wa Durga hata mkuki ukiwa kifuani mwa adui umetulia. Anapigana bila chuki. Ushindi wake husherehekewa kwa usiku tisa wa Navaratri, na Wagujarati hucheza ngoma ya garba kwa kuzunguka taa au picha ya Mama. Ukiona mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi imejaa sketi zenye vioo mwezi wa Oktoba, ndiyo hiyo. UNESCO iliitambua garba mwaka 2023, na Durga Puja ya Kolkata mwaka 2021.

Kali alitoka kwenye paji la uso la Durga katikati ya vita. Endelea na swali linalofuata.

18. Kali ni mungu wa uchawi au shetani?

Hapana, na katika picha zote yeye ndiye anayeonewa zaidi na wasiomjua. Pepo Raktabija alikuwa na siri: kila tone la damu yake likigusa ardhi, anazaliwa pepo mwingine. Silaha zikawa zinaongeza maadui. Kali akanyoosha ulimi akayanywa matone yote kabla hayajaanguka. Ulimi ule ndio ulioumaliza uovu usioisha.

Sasa mikono. Ya kushoto ina upanga na kichwa kilichokatwa: maarifa yanayokata ubinafsi. Ya kulia inasema usiogope na pokea, ileile ya swali la 5. Mkufu wa vichwa, kwa hesabu ya wengi 50 au 51, ni herufi za Kisanskriti, yaani sauti zote zilizoumba ulimwengu. Weusi wake ni rangi inayomeza rangi zote. Kali aliposhikwa na hamaki ya ushindi, Shiva alijilaza njiani kwake, Kali akamkanyaga, na watu wa Bengal husema hapo ndipo alipong'ata ulimi kwa haya. Katika hekalu la Dakshineswar, Kolkata, mtakatifu Ramakrishna alimlilia kama mtoto anavyomlilia mama.

Ni kweli katika baadhi ya mahekalu yake, kama Kalighat, mbuzi huchinjwa. Wahindu wengine hulipinga jambo hilo, na Wagujarati wengi hawalikaribii.

19. Mganga ametumia picha ya Lakshmi kwenye tangazo la pete ya utajiri. Ni ya Kihindu kweli?

Picha ni ya Lakshmi, biashara ni ya mganga. Ibada yake haihitaji umtumie mtu pesa kwa simu. Akiombwa, huombwa nyumbani kwa taa, maua na usafi.

## Alama za dukani na nyumbani

20. Swastika si alama ya Hitler?

Ilikuwepo India maelfu ya miaka kabla yake, na ni ya heri kwa Wahindu, Wajaini na Wabuddha. Mikono minne husomwa kama pande nne za dunia, au malengo manne ya maisha: wajibu, riziki, raha na ukombozi. Kwa kawaida ya Kihindu ni nyekundu au manjano, imesimama wima, mara nyingi na nukta nne. Ya Wanazi, walioichukua mwaka 1920, ni nyeusi, imeinamishwa, ndani ya duara jeupe. Jirani yako aliyeichora mlangoni anaomba baraka. Hata hivyo huko Ulaya alama hii huwaumiza watu, na wana haki kabisa, basi uwe mwangalifu pa kuivaa.

21. Na Om?

Sauti tatu, a-u-m, na kimya kinachofuata. Upanishadi ya Mandukya inazifananisha na kuwa macho, kuota, na usingizi mzito. Kimya ni hali ya nne, inayozibeba zote.

22. Ndimu na pilipili zilizoning'inizwa mlangoni ni za mungu gani?

Za Alakshmi, dada yake Lakshmi, mwenye kuleta ukata na ugomvi. Yeye hupenda vikali na vichungu. Akivikuta nje, ndimu moja na pilipili saba, hushiba na kuondoka bila kuingia. Hubadilishwa kila Jumamosi. Ni desturi ya watu, haimo katika Veda.

23. Yule mzee mwenye kilemba cheupe na fimbo dukani ni mungu gani?

Ni Jalaram Bapa wa Virpur, Gujarat (1799–1881), mtakatifu wa Kilohana (jamii ya wafanyabiashara wa Gujarat) aliyejitolea kulisha kila msafiri bila kuuliza dini wala ukoo. Mwingine mwenye kitambaa kichwani na mguu mmoja juu ya mwingine ni Sai Baba wa Shirdi, aliyefariki 1918, aliyeheshimiwa na Wahindu na Waislamu.

Ama kijana wa umbo la kifalme katika mahekalu ya mawe yaliyochongwa, kama lile la Nairobi lililofunguliwa 1999 na lile la Abu Dhabi la 2024, ni Swaminarayan (1781–1830). Wafuasi wake wanamwona ni Mungu Mkuu aliyejidhihirisha.

24. Wanamwabudu ng'ombe?

Wanamheshimu kama mama, kwa kuwa hunyonyesha wasio wanawe, na wengi hawali nyama yake. Ni mtakatifu. Huyu si mmoja wa miungu unayoomba akupe mtoto au kazi.

## Maswali magumu kidogo

25. Mbona kila Mhindu ananipa maana tofauti ya alama ileile?

Kwa sababu hakuna ofisi moja inayotoa tafsiri rasmi. Visa ni vya kale, mafumbo yake yameongezwa na walimu wa vizazi vingi. Hata sura unazoziona kwenye kalenda si za kale sana: zinafuata mtindo wa mchoraji Raja Ravi Varma (1848–1906), aliyeanzisha kiwanda cha chapa mwaka 1894, na picha za miungu zikaanza kuingia nyumba za watu waliokuwa hawaruhusiwi hata kukanyaga mahekalu fulani. Ukipewa maana mbili, ziandike zote mbili.

26. Mimi si Mhindu. Naweza kuingia hekaluni na kula prasad?

Mahekalu mengi ya Afrika Mashariki humpokea mgeni mwenye adabu. Yapo ya India yasiyoruhusu, basi uliza mlangoni. Vua viatu, vaa nguo za stara, usiingie na nyama wala pombe, usinyooshe miguu kuelekea murti, ukizunguka murti, iache upande wako wa kulia. Katika mahekalu ya Swaminarayan wanaume na wanawake hukaa mbalimbali.

Prasad ni chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu, kisha kikagawiwa. Hupokelewa kwa mkono wa kulia. Kama imani yako haikuruhusu, kunja viganja kifuani, tabasamu, sema asante. Hakuna atakayekukasirikia. Usikipokee ukaenda kukitupa.

27. Nina kadi ya arusi au pakiti ya ubani yenye picha ya Ganesha. Naitupaje?

Waumini hawaitupi jalalani pamoja na maganda. Ikunje, iweke chini ya mti, ama uitie katika maji yanayotembea ikiwa ni karatasi tupu. Yenye nailoni usiitie mtoni: ipeleke hekaluni, wengi hupokea picha zilizochakaa na kuziondoa kwa heshima.